Kifaa cha Shaba Nilichompa Mama Mkwe

Nililisikia lile gari kabla ya kuliona. Nilikuwa nimelala chali chini ya lori la samaki lililotoka Kasenga, maji ya barafu yenye harufu ya samaki yakinidondokea shingoni, nikasikia kitu kikiingia langoni mwa garaji. Haukuwa mngurumo wa lori wala kikohozi cha gari la mapadri. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, yenye majivuno. Nilitoka chini ya lori kwa pupa hata nikajigonga paji la uso kwenye chuma, na alama yake ninayo hadi leo.

Lilikuwa gari la Kiingereza la viti viwili, la kijani, halina paa, boneti ndefu na magurudumu yenye vijiti kama ya baiskeli. Lililetwa kutoka Rodezia. Mwenyewe alikuwa kijana wa Kigriki, mtoto wa mfanyabiashara wa samaki kule Kasenga, na lilikuwa limejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi za mwenyewe. Nililizunguka mara mbili. Sioni haya kukiri: nilipenda chuma siku ile.

Mimi nilikuwa fundi wa malori. Mji wetu wakati huo uliitwa Élisabethville, nami nilikuwa na mke, watoto watatu, na miaka tisa ya kushika spana. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga akatia makaa kwenye treni maisha yake yote, kwa hiyo maji yanayochemka nilikuwa nayajua tangu utotoni, au nilidhani nayajua. Nilikuwa na kiburi cha kazi, na hasira za karibu. Mke wangu alikuwa akisema mimi huchemka kabla ya sufuria.

Siku ile gari lilikuwa na shida moja tu. Jiwe la barabarani lilikuwa limetoboa radiateri, ile kabati ya vifereji vya shaba iliyoko mbele ya injini, ambamo maji ya moto hupita ili yapozwe na upepo. Kuchomelea radiateri haikuwa kazi yangu. Ilikuwa kazi ya Mkasai mmoja, mtu wa jimbo la Kasai, jirani yangu wa mtaa wa Kamalondo, ambaye nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu alinizidi umri, naye akaniita mudogo. Alikuwa mtu wa shati safi hata kwenye moshi, akisoma gazeti wakati wa chakula huku sisi wengine tukibishana. Tulimtania kwamba Wakasai huzaliwa na kalamu sikioni. Lakini akishika risasi ya kuchomelea na moto, ungedhani mwanamke anadarizi kitambaa cha altare.

Yeye akaziba tundu. Mimi nikabadilisha mafuta, nikakaza mkanda wa feni, na mwisho, kwa mkono wangu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, nikaondoa termostati.

Termostati ni kilango cha shaba, kidogo, kinaenea kiganjani. Kinakaa pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye radiateri. Injini ikiwa baridi kinajifunga, ili ipate joto upesi. Ikipata moto kinajifungua. Kwenye malori ya Kasenga tulikuwa tunaviondoa vyote, ndiyo ilikuwa amri ya bwana mkubwa wa garaji, na ndiyo ilikuwa hekima ya mafundi wote wa mji. Tulisema ni kitu cha Ulaya, cha watu wa theluji. Huku kwetu, mwezi wa kumi, jua likipasua mawe, nani anataka kilango cha kuzuia maji yasipoe? Fundi aliyeacha termostati ndani ya gari tulimcheka kama mtu aliyevaa koti la sufu kwenye joto.

Nikaliendesha gari mjini kulijaribu. Mama yangu! Nilizunguka posta, nikapita mbele ya kituo cha treni, nikarudi chini ya miti ya maua ya zambarau iliyokuwa imechanua, na sindano ya kipimo cha joto ililala chini kabisa kama mlevi. Nikasema, unaona? Baridi tupu. Nilirudi garaji nikicheka peke yangu.

Kile kifaa kilikuwa king'avu, kizuri mno kutupwa. Nikampelekea mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze. Kwetu, mama mkwe ni mtu wa kuogopwa. Humtazami usoni, huli naye, hupiti mlango mmoja naye. Ukiwa na neno unampa mkeo alipeleke, au unaliambia ukuta naye alisikie. Lakini zawadi anapenda, na zawadi ikishaingia mkononi mwake imekwenda. Kuiomba tena ni kama kumvua nguo. Wangu alikaa nyua mbili kutoka kwetu, na kwenye ua wake alipika kinywaji cha mahindi ambacho serikali ilikikataza na askari wa serikali walikinunua. Nilikwisha kumpa kipande cha mpira na bomba la shaba kwa kazi hiyo. Mke wangu aliniambia kwamba mama alipokiona kile kitu kinachong'aa alikigeuza mara nyingi, kisha akasema mkwe wake ana macho.

Wiki mbili baadaye gari la kijani lilirudi likivutwa kwa kamba nyuma ya lori la samaki.

Lilikuwa limechemka njiani kwenda Kasenga, si mara moja, mara nne. Kijana Mgriki alishuka ana samaki kwenye nywele na hasira kwenye meno. Bwana mkubwa, Mbelgiji mnene, mwenye haki kwa kiasi na hasira bila kiasi, hakutazama hata ndani ya boneti. Alimwita yaya mbele ya watu wote.

"Radiateri iko mubaya. Ulichomelea mubaya."

"Patroni," yaya akasema, "kama iko na tundu, unionyeshe tundu."

Jibu lile lilikuwa la kweli, na ndiyo sababu lilikuwa baya. Bwana akawa mwekundu. Akamwambia akae nyumbani mpaka Jumamosi. Jumamosi adhuhuri, gari likichemka tena, jina lake litafutwa na karatasi zake zitapelekwa ofisini.

Kila mtu aliyesimama pale alijua maana yake. Siku zile Mwafrika asiye na kazi hakuwa na mji. Ofisi ilipiga muhuri, na mtu akapandishwa treni na mke, watoto na vyungu, arudi kwao. Yaya alikuwa na miaka kumi na minne hapa. Watoto wake wanne walizaliwa Kamalondo, na Kasai waliijua kwa hadithi tu. Alivua aproni, akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka juu ya meza yake. Nami damu ikanichemka.

"Patroni," nikasema, "unipe mie ile motokari mpaka Samedi."

"Weye? Weye ni fundi wa malori."

"Ndiyo, patroni. Lakini maji ni maji."

Sijui kwa nini alicheka. Labda kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuligusa. Akasema sawa, na kwamba Jumamosi ataketi mwenyewe ndani ya gari, kwenda kilomita hamsini njia ya Kasenga na kurudi. Gari ndilo litakalotoa ushahidi.

Nitasema kweli: nilimhurumia yaya, lakini kumbe furaha nayo ilikuwa inanipiga teke tumboni. Siku nne na lile gari! Jumatano asubuhi nilifika garaji kabla ya mlinzi kufungua lango.

Nilianza na radiateri, kwa ajili ya jina la yaya. Nikaitoa, nikaziba midomo yake, nikaizamisha kwenye pipa na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hakuna bubujiko hata moja. Nikaisimamisha nikamwagia ndoo nzima kwa juu, na ndoo nzima ikatoka chini kwa kishindo ikanilowesha viatu. Nilipiga kelele peke yangu. Radiateri ilikuwa nzima kuliko siku ilipozaliwa! Nikamwita bwana, akatazama, akasema, "Basi juu ya nini inatokota?" akaenda zake. Alikuwa na haki. Tundu lisilokuwapo halikumwokoa mtu.

Nikaendelea. Mkanda wa feni: umekaza. Mafuta: nikachomoa kijiti, meusi, safi, hayajawa meupe kama maziwa, maana yake maji hayajaingia humo. Nikawasha injini na kufungua kifuniko cha maji nitazame kama kuna mapovu ya moshi, hakuna. Nikafungua pampu ya maji, mabawa yake yote yapo. Nikarekebisha cheche, maana cheche ikichelewa injini huchoka na kupata homa. Nikawasha tena, nikaweka mawe mbele ya magurudumu, nikakanyaga mafuta. Baada ya dakika kumi na tano sindano ilipanda kama mtoto anayepanda mwembe wa jirani, ikafika mwisho, na mvuke ukanichoma vidole viwili.

Lakini kabla ya mvuke nilikuwa nimefanya jambo moja ambalo baba alinifundisha kwenye treni: kugusa. Nikagusa kichwa cha injini. Moto wa kuteketeza. Nikagusa mpira wa juu unaopeleka maji kwenye radiateri. Vuguvugu. Nikagusa radiateri yenyewe, chini, kwa kiganja kizima.

Baridi.

Nilisimama pale na mkono kwenye ile shaba baridi. Injini inachemka, na radiateri iliyo hatua moja mbele yake imelala usingizi! Maji hayafiki. Yanakwenda wapi? Njia ni safi, pampu ni nzima, na hakuna kizuizi popote, hata kile kilango nilishakiondoa. Nililizunguka lile swali Jumatano yote na Alhamisi yote. Niliota mipira na mabomba. Nilimfokea mke wangu kuhusu chumvi, na chumvi ilikuwa sawa. Na katika kushuku kwangu kote, nilishuku kila kitu kilichokuwa ndani ya injini. Kisichokuwamo sikukishuku. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini nani anajikagua nguo zake?

Alhamisi jioni, jua bado liko juu, nilikuwa nimekaa uani kwetu na vidole vyangu ndani ya bakuli la maji. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, amekuja kwa mke wangu na malalamiko, na alijua vizuri kwamba nipo. Sauti yake ilikuwa ya kutosha kwa nyua tatu.

"Mwambie bwana yako, ile kintu alinipa iko na wazimu."

Mke wangu akauliza wazimu gani.

"Nyungu yangu iko na binywa mbili. Kimoja kikubwa, cha bomba ya mbali yenye kupita mu maji ya baridi. Kimoja kidogo, cha karibu, cha kumwagia. Kile kidogo nilikiziba na ile shaba yake. Ikiwa baridi, inafunga muzuri. Nyungu ikichemka, inafungula! Yenyewe! Hakuna mutu ameigusa! Na mvuke ikiona mulango ya karibu iko wazi, itazunguka njia ya mbali juu ya nini? Inatokea pale pale. Bomba yangu iko baridi, nyungu inaungua, na mie sipati hata kikombe."

Niliruka juu. Bakuli likapinduka.

Bomba baridi, nyungu inaungua! Ndiyo yangu! Ndiyo ile ile! Nikakumbuka mashimo mawili niliyoyaona pale nilipoondoa termostati: moja kubwa, la kwenda radiateri, na jingine dogo, la kurudi pampu moja kwa moja, njia fupi ambayo maji hupita wakati injini bado inapata joto. Nikakumbuka kwamba kile kifaa kilikuwa na pete ya shaba pembeni, ambayo sikujua kazi yake wala sikuuliza. Kwenye malori yetu hakuna pete. Kwenye malori hakuna njia fupi. Kwenye gari hili, kilango kikifungua njia kubwa, pete inapanda na kuziba ile fupi. Mimi nilipoondoa kilango niliondoa na mlinzi wa njia fupi. Mjini, polepole, haikuonekana. Lakini kwenye barabara ya Kasenga, gari likikimbia kwenye jua, maji yalikuwa yakitoka injini na kurudi injini, yanazunguka na moto wake ule ule, na radiateri ya yaya imekaa mbele kama mgeni asiyekaribishwa.

Nikacheka kwa sauti. Nikapiga makofi. Kisha nikakaa chini, kwa sababu nilikuwa nimeelewa na lile lingine. Si jiwe, si Mwingereza aliyeliunda gari, si mchomeleaji. Ni mimi. Na dawa ilikuwa kwenye nyungu ya mama mkwe, zawadi niliyompa. Kuagiza nyingine Rodezia ingechukua majuma, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Mke wangu alikataa katakata kuwa kinywa changu. "Unataka bantu baseme mama yangu ananyang'anywa?" Baadaye alilegea, lakini akaniambia njia iko moja: niende na kuku wa kufuta haya, nikae nimempa mama mgongo, na niseme sababu kwa mdomo wangu, watu wasikie. Kuku hatukuwa naye. Mwenye kuku jirani alikuwa yaya.

Ijumaa nilipokwenda kazini nilipitia kwake. Yeye hakuwapo, alikwenda kuuliza habari za treni. Mkewe alikuwa anafunga vyombo. Sanduku kubwa la bati lilikuwa katikati ya chumba, na watoto wamekaa juu yake ili lifunge. Nikasema nahitaji kuku kwa mambo ya ukwe, nitamrudishia siku nyingine. Yule mama akacheka kwa huzuni.

"Utarudisha wapi, shemeji? Mu treni? Chukua tu. Weye njo unatupigania pale garaji. Hatuna kingine cha kukupa."

Akamkamata jike mweusi mwenye madoa, aliyekuwa akitaga, akamfunga miguu na kuniwekea mikononi. Nikampokea. Nikasema asante. Nimesema uongo wa maneno mengi maishani, lakini sijui kama niliwahi kusema uongo mkubwa kuliko ile asante.

Alasiri nilikaa kwenye ua wa mama mkwe, nimeutazama ukuta, kuku mapajani. Majirani walikuja kama wanaokuja kuomba moto, kila mmoja na kisingizio chake. Mke wangu alisimama kati yetu.

"Anataka nini?" sauti ikauliza nyuma yangu.

"Mama, anataka ile shaba," mke wangu akasema.

Wanawake wakaguna.

"Juu ya nini?"

Nikauambia ukuta. Nilisema nilikosea. Nilisema niliitoa mahali pake bila kujua kazi yake, kwamba motokari imechemka kwa sababu yangu, na kwamba mtu mwingine amefukuzwa kwa kosa langu. Nilipofika hapo shetani yule kuku akapiga kelele, watu wakacheka, nami nikashukuru.

Mama mkwe hakucheka. Nikasikia anakwangua ile shaba kwa kisu, anaondoa unga alioizibia. Mke wangu akanipa. Ilikuwa na harufu ya mahindi makali.

"Kuku nimepokea," sauti ikasema. "Sasa tuone kama haijaharibika."

Tukaweka sufuria ya maji juu ya jiko la makaa, hapo hapo uani, nikaining'iniza ile termostati kwa uzi. Watu wote waliinama. Maji yakaanza kulia. Hakuna kitu. Yakatoa mvuke. Hakuna kitu. Halafu, polepole, kile kilango kikajifungua kinywa na pete ya shaba ikapanda, ikapanda, mpaka juu. Watoto wakapiga yowe! Nami nikapiga yowe! Fundi mzima wa miaka tisa, nilikuwa nakiona kitu hicho kikifanya kazi kwa mara ya kwanza, na vingapi nilikuwa nimevitupa kwenye pipa la takataka!

"Inafungula?" mama mkwe akauliza kwa nyuma.

"Inafungula, mama!" nikasema, nikasahau kupitisha kwa mke wangu.

Akaniacha nifike kwenye lango la ua, ndipo akasema, kwa ukuta wake yeye: "Neno uliloambia ukuta yangu, utaliambia muzungu yako vilevile."

Jumamosi saa moja asubuhi nikaiweka mahali pake. Nikawasha injini na kushika mpira wa juu. Baridi. Sindano ikapanda hadi katikati. Mpira baridi bado. Sindano ikapita katikati kidogo, nikaanza kumwomba Bikira Maria kwa majina yake yote. Na ghafla, chini ya kiganja changu, mpira ukapata moto, kwa mkupuo mmoja, kama mtu amefungua mlango. Nikagusa radiateri. Moto juu, vuguvugu chini. Imeamka! Nililibusu lile boneti. Mlinzi aliona, akaenda kuwaambia wote.

Bwana mkubwa akaketi upande wa kushoto, kofia mkononi, nami nikaendesha. Sitaweza kueleza barabara ile. Vumbi nyuma yetu lilisimama jekundu, vichuguu vilipita upesi hata sikuweza kuvihesabu, upepo ulinitoa machozi, na sindano ilisimama pale katikati haitikisiki. Kwenye mteremko niliachia. Kwenye kilima nilikanyaga. Bwana alishika mlango kwa mkono mmoja, na nikamwona, naapa, anatabasamu kama mtoto wa komunyo. Kilomita ya hamsini ilifika nikatamani iwe ya mia tano.

Tukasimama. Akagusa radiateri mwenyewe. "Bon," akasema. "Ilikuwa nini?"

Njia ya mwongo ni fupi, nami niliiona iko wazi mbele yangu. Ningesema ni hewa kwenye mabomba. Angenipiga bega, angenipa meza ya magari madogo niliyoitamani miaka tisa. Na moyoni mwake angebaki anajua kwamba Mkasai aliacha uchafu ndani ya radiateri.

"Patroni, radiateri ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mie njo nilitosha termostati, niliiondoa kwa mukono yangu."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Ni kichwa yangu."

Alivaa kofia. Akaivua. Akatukana kwa Kiflemi, lugha aliyoitunzia siku kubwa, akaenda mbali barabarani, akarudi. Nadhani alikuwa anakumbuka amri yake mwenyewe ya malori, lakini hilo hakulisema kamwe. Alisema tu kwamba gari la kijani sitaligusa tena, wala gari jingine dogo lolote, mpaka atakaponiambia. Kisha akasema sudere, yaani mchomeleaji, aje Jumatatu saa moja.

"Nani atamwambia?" nikauliza.

"Weye."

Alishika usukani yeye. Nilirudi nimekaa kama mzigo, na bado, Mungu anisamehe, nilisikiliza ile sauti nyembamba njia nzima.

Nilikwenda kwa yaya na mafuta bado kwenye mikono. Alikuwa amepiga goti anafunga kamba kuzunguka sanduku la bati, shati lake jeupe, mikono imekunjwa sawasawa. Nikamwambia Jumatatu saa moja. Mkewe akapiga kigelegele, akanishika mabega, akaanza kuniita mtoto wa baba yake. Nikamwambia mama aache. Nikasema lililobaki, lote, nimesimama, hapakuwa na ukuta wa kuuambia.

Kigelegele kilikufa. Mama akayaachia mabega yangu.

"Na kuku yangu?" akasema.

"Iko kwa mama mukwe."

Kwa kawaida hapo tungecheka, maana hata Mkasai anajua kilichofika kule hakirudi. Hakuna aliyecheka. Yaya aliendelea kuvuta kamba mpaka fundo likakaza, kama vile hakusikia. Halafu akainuka, akajipangusa magoti, akakaa kwenye kiti.

"Fungula weye," akasema. "Ni weye njo ulifunga."

Nikapiga goti. Yaya alikuwa amefunga kama alivyochomelea, kwa safari ndefu, kila fundo juu ya jingine, na vidole vyangu viwili vilikuwa bado na malengelenge ya mvuke. Watoto walisimama kunizunguka wakitazama. Hakuna aliyenisaidia, nami sikuomba, na sikuondoka mpaka kamba yote ilipokuwa sakafuni.